Mitetea Wanne wa Naisenya

Chwiii. Ndivyo maziwa ya kwanza yanavyolia yanapogonga kitako cha kibuyu kikavu. Ni sauti nyembamba, na haidumu. Michirizi miwili mitatu tu, kisha maziwa huanza kuangukia maziwa wenzake na sauti inanenepa, inapoa. Naisenya aliisikia kila alfajiri ya utoto wake katika boma la baba yake, kwenye uwanda wa Handeni, yeye akiwa upande huu wa ng'ombe na ndama upande ule. Mama yake alimfundisha kukamua chuchu mbili na kuacha mbili. Mbili zetu, mbili zake. Ukikamua zote nne, mama alimwambia, umemwibia mtoto ambaye hana mdomo wa kukushtaki.

Sasa Naisenya ana miaka hamsini na minane, au karibu na hapo, na hana ng'ombe hata mmoja. Ukame uliokausha malambo uliwachukua wale aliowaacha marehemu mumewe, na wa mwisho alikufa amelalia upande, macho yakitazama njia ya kwenda majini. Baada ya hapo aliteremka Korogwe. Alipanga vyumba viwili Korogwe ya Zamani, mahali ambapo mto Pangani unasikika mvua ikinyesha milimani, na akaishi kwa kutunga shanga.

Hakuishi peke yake kwa muda mrefu. Binti yake Soila alikuwa amepata kazi ya kuwapikia wachumaji chai huko juu Dindira. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ukungu wa Dindira ulikuwa ukiingia kifuani mwa mtoto wake na kukaa humo. Ndipo siku moja Soila akateremka na Nemayian mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, akamkabidhi kwa bibi yake pamoja na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Mama, kifua kitapona huku chini," alisema. "Shida ni kwamba hali chakula."

Kifua kilipona kweli. Kula ndiko kulikokuwa kugumu. Uji aliusukuma kwa ulimi. Maziwa aliyanywa, lakini yalikuwa maziwa ya kununua, na Naisenya aliyajua kuwa yana maji kwa kuyasikia tu yakimiminwa kikombeni.

Siku ya kliniki, nesi Justa alimvalisha Nemayian ile suruali ya kupimia, akamning'iniza kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. Kisha akafungua kadi na kuweka nukta. Mstari wa mtoto ulikuwa umetoka kwenye kijani na kuingia kwenye kijivu.

"Bibi, mtoto anakula nini?"

"Maziwa. Uji. Ugali kidogo, nikiloweka kwenye maziwa."

"Mpe yai. Yai moja kila siku, liive vizuri, umpondee. Kila siku, bibi, si siku ya wageni. Tukikutana tena mstari huu ukiwa unashuka, ukagusa hapa kwenye nyekundu, nitamwandikia akalazwe."

"Yai la kuku?"

"Sasa la nani, bibi? La mbuni?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Naisenya alitabasamu kwa adabu, akamvalisha mtoto nguo zake. Alizaa watoto wanne na kumzika mmoja, na yule mmoja alikuwa na mikono kama hii, myembamba, yenye ngozi inayokunjika kwenye kiwiko. Hakumwambia nesi habari hiyo. Aliikunja kadi, akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki.

Katika boma la baba yake hakuna aliyekula ndege wala kilichotoka kwa ndege. Haikuwa dhambi. Ilikuwa tu jambo la watu wengine, kama vile kula samaki au kulima mpunga. Siku hizi ndugu zake wengi wanafuga kuku na kuwala, lakini yeye alifika umri huu bila yai kupita mdomoni mwake. Sasa yai lilikuwa dawa, na dawa haiulizwi imetoka wapi.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta anaitwa Mwaija. Ni Mzigua, mkubwa kwake kwa miaka michache, mama mnene mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani, na amefuga kuku tangu akiwa msichana wa shule. Naisenya humwita dada. Mwaija naye, kama mtaa mzima, humwita Yeyo, neno la Kimasai la kumwita mama.

"Mayai si haya hapa!" Mwaija alisema aliposikia maneno ya nesi. "Uwe unachukua kwangu. Kitu gani kinakusumbua?"

"Mfugaji haombi maziwa, dada."

"Nani kasema maziwa? Nasema mayai."

"Ni yale yale. Yanatoka kwa mnyama, yanakwenda kwa mtoto."

Mwaija alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndala. "Haya, mfugaji," alisema. "Ngoja tukuone."

Wiki hiyo hiyo alipita Hussein, mchuuzi wa kuku anayewatoa Kwashemshi na matenga yake nyuma ya baiskeli. Hussein alikuwa anaoza binti, na binti alikuwa ameuona ushanga wa Naisenya akautamani. Wakabadilishana pale pale kivulini. Ushanga mmoja mpana wa shingo na vikuku viwili vilikwenda, mitetea wanne wakabaki, na Hussein akaongeza jogoo mdogo, akisema huyo ni wa kusindikiza.

Naisenya aliwapa majina kwa rangi, kama ng'ombe. Mweusi akaitwa Narok. Mwekundu, Nanyokie. Mweupe, Naibor. Wa nne alikuwa na kila rangi, akaitwa Madoadoa kwa Kiswahili. Jogoo hakupewa jina.

Banda alilijenga siku mbili, nyuma ya nyumba, nalo lilikuwa boma. Lilikuwa la duara, uzio wa miiba aliyoikata mwenyewe pembeni ya mashamba ya mkonge, na mlango mdogo wa kufungwa kwa tawi. Alilizunguka mara mbili kutafuta upenyo. Hakukuwa na upenyo hata wa mkono. Mwaija alitazama yote hayo akiwa ameegemea mlango wake. Jogoo aliwekwa ndani, akatazama huku, akatazama kule, kisha akapiga mbawa na kutua juu ya ukuta wa Mwaija.

"Yeyo!" Mwaija alipiga kelele huku akijishika mbavu. "Ng'ombe wako ameruka!"

Hata Naisenya alicheka siku hiyo. Wakaezeka juu pamoja, kwa wavu wa zamani na vipande vya bati.

Asubuhi aliwafungulia na kwenda nao machungani. Ndiyo, alikwenda nao. Alimfunga Nemayian mgongoni, akashika fimbo, akawaswaga kuku watano kwenye njia ya nyuma, hadi uwanja wenye majani na mchwa. Alisimama kwa mguu mmoja, fimbo begani, akiwaangalia wakichakura. Walipoingia kwenye mchicha wa watu aliwarudisha kwa mluzi. Wapita njia walisimama. Madereva wa bodaboda waliita, "Yeyo, mnada wa kuku lini?" naye aliwajibu bila kugeuka kwamba mnada ni siku watakayooa.

Habari zilifika Handeni kabla ya wiki kwisha. Shemeji yake Lomayani alipiga simu.

"Shemeji, nasikia unachunga ndege."

"Nachunga chakula cha mtoto, Lomayani."

"Sisi tukisema tunakwenda kuchunga, watu wanaogopa simba. Wewe unaogopa nini, mwewe?"

"Mwewe amekuja mara mbili. Nimempiga fimbo. Wewe simba wako wa mwisho ulimwona lini?"

Lomayani alicheka kicheko cha mtu aliyeshindwa, akauliza mtoto anaendeleaje. Naisenya akamwambia ukweli. Lomayani hakutania tena. Alisema wataomba.

Narok ndiye aliyetaga kwanza, kwenye beseni bovu lililotandikwa majani makavu. Naisenya alilishika lile yai likiwa bado na joto. Hakutegemea joto lile. Alisimama nalo kiganjani mpaka lilipopoa, akashukuru kwa Kimasai, maneno yale yale ambayo mama yake alimwambia ng'ombe aliyezaa salama.

Nemayian alilila. Hakuna aliyeamini, na Naisenya alikuwa wa kwanza kutoamini. Lilichemshwa, likapondwa na maziwa kidogo na chembe ya chumvi, na mtoto aliyekuwa akisukuma kila kitu kwa ulimi alifungua mdomo, akafunga, akafikiri, akafungua tena. Kesho yake alilimaliza. Siku ya nne alinyoosha mkono kuomba kabla bibi hajamaliza kulipuliza lipoe.

Mitetea wote walikuwa wanataga sasa, kila mmoja kwenye kona yake. Na hapa ndipo Naisenya alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa moyo safi. Kila mtetea alipotaga mayai mawili, alichukua moja na kuacha moja. Akitaga mengine mawili, alichukua moja, akaacha moja. Nusu yetu, nusu yake. Hakuwaza kwamba anafanya jambo la ajabu. Mikono yake ndivyo ilivyojua, kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. Mwaija hakuona, kwa sababu hakuna aingiaye katika boma la mtu asubuhi wakati wa kukamua.

Kliniki ya pili, mstari haukupanda, lakini haukushuka. Nesi Justa aliunganisha nukta mbili, ukawa mstari uliolala.

"Umesimama," alisema. "Kusimama ni kitu. Unampa yai?"

"Kila siku."

"Usiache, bibi. Mwezi huu ndio utakaotuambia. Ukipanda, tumevuka. Ukishuka, mtoto atakwenda kulazwa, na mama yake itabidi aache kazi aje akae naye wodini."

Naisenya alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyebeba kibuyu kilichojaa.

Siku tano baadaye Narok hakutoka kwenye beseni. Alipoguswa alijivimbisha na kudonoa mkono. Kesho yake Naibor akakaa. Kisha Madoadoa. Mwisho wa wiki hata Nanyokie, aliyekuwa mkorofi asiyetulia, alikuwa amejilaza juu ya mayai yake macho yakiwa nusu yamefumba. Naisenya alitoka nje uso ukiwa unang'aa, akagonga ukuta.

"Dada! Zizi langu lote lina mimba!"

Mwaija alikuja akijifuta unga mikononi. Aliinama, akachungulia kiota cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha nne aliacha kutabasamu.

"Yeyo. Umewaachia mayai mangapi chini?"

"Nusu yao."

"Nusu?"

"Haki yao. Sikuwakamua wote."

Mwaija alitaka kucheka. Kicheko kilifika mpaka kwenye mashavu, lakini alimwona Nemayian amekaa kwenye kizingiti na bakuli tupu mapajani, akisubiri, na kicheko kikaishia pale.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "kuku akiona mayai yamejaa chini yake, anaacha kutaga, anaatamia. Wiki tatu atakaa hapo. Kisha atalea vifaranga miezi. Wote wanne umewakalisha kwa wakati mmoja. Sasa huyu atakula nini?"

Mwaija aliingia kwake, akarudi na mayai matatu kwenye kanga. Naisenya aliyapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa chakula cha mtoto hakikataliwi. Lakini alipoyaweka mezani aliyaona kama maziwa yaliyotoka kwenye kibuyu cha mwingine, na katika watu wake, boma linalonyweshwa kwa kibuyu cha jirani ni boma linalosubiri kuhamwa. Siku ya nne Mwaija alipouliza kama yamekwisha, Naisenya alisema, "Yapo, dada." Alisema vivyo hivyo siku ya tano. Hayakuwapo.

Mtoto alishikwa na mafua. Uji ukaanza tena kusukumwa kwa ulimi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano kufika kliniki, na Naisenya aliweza kuihisi ile kadi ndani ya sanduku, kama mtu anayelihisi kaa la moto lililofunikwa kwa majivu.

Siku ya saba aliamua. Aliingia bandani, akaweka mkono chini ya Nanyokie, akavumilia madonoo, akatoa yai moja. Mama zake wote walikuwa wakimtazama kutoka huko waliko, lakini alilitoa. Akalipasua kwenye bakuli ili ahakikishe ni zima.

Ndani yake palikuwa na mishipa ya damu, myembamba kuliko uzi wa kutungia shanga. Katikati yake kitu kidogo chekundu kilikuwa kikidunda.

Aliweka kiganja juu ya bakuli kulifunika, kama mtu anayefunika macho ya mtu. Kisha alichimba shimo karibu na miiba ya boma, akalizika, na siku nzima hakula kitu.

Mwaija alijua. Alijua kwa jinsi watu wenye kuku wanavyojua. Kwenye jalala la majivu, ambako nyumba zote mbili zilitupa taka zao, hapakuwa na ganda la yai la upande wa Yeyo kwa siku nne. Asubuhi iliyofuata alibisha hodi akiwa na kuku kila kwapa, mitetea wawili wa rangi ya majivu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Mayai unayakataa," alisema. "Hukusema, lakini unayakataa. Haya basi, hawa si mayai."

"Dada..."

"Sikukuletea mayai. Nimekuletea ng'ombe. Wote wawili wanataga, huyu jana, huyu leo asubuhi, nimesubiri amalize. Ni wako. Si wa kuazima, usinirudishie. Wakamue mwenyewe, mimi sitaki kuona."

Naisenya alisimama mlangoni. Chakula mtu anaweza kukizunguka, anaweza kusema tumeshiba. Lakini tangu azaliwe hajaona mtu wa kwao akiletewa mnyama hai mpaka mlangoni akamrudisha. Mikono yake ilinyooka yenyewe. Akawapokea, mmoja, kisha wa pili, na machozi yalimtoka bila kelele.

"Usilie, utawatisha," Mwaija alisema. "Kuku mwenye hofu hatagi. Njoo nikufundishe kukamua."

Alichukua kipande cha mkaa jikoni. Walitandika kiota kipya ndani ya tenga, mbali na wale wanaoatamia. Mwaija akatoa yai moja kutoka mfukoni mwa dera lake, akalichora msalaba mweusi kwa mkaa, akaliweka katikati.

"Hili halitoki. Hili ndilo lake. Kila anapotaga, wewe unachukua jipya siku hiyo hiyo, lingali na joto. Lenye mkaa unaliacha. Likizeeka tunabadilisha. Akiona moja tu, anajua kwake ni hapa, anarudi. Hajui kuhesabu, lakini anajua kwake."

"Moja linamtosha?"

"Linamtosha."

Naisenya aliliinua lile yai la mkaa, akaligeuza. Bado alikuwa na lile bakuli kichwani. "Na mtoto aliyemo ndani?"

Ndipo Mwaija alipoelewa, na alijibu bila mzaha hata kidogo. "Hamna mtoto ndani, mdogo wangu. Mpaka mama alikalie. Yai la leo, ambalo hajalikalia, ni kama maziwa tu. Unakunywa, na humwibii mtu."

Wale wanne hawakuguswa. Mwaija alitaka wawili wafungiwe kwenye tenga lililoning'inizwa juu, bila majani, siku tatu nne wapoe na kurudi kutaga, lakini alipomwona jirani yake anavyowatazama, aliliacha shauri hilo. "Waache wazae," alisema. "Zizi ni lako."

Mitetea wawili wa majivu walitaga kwa zamu, leo huyu, kesho yule, siku nyingine wote. Kila Naisenya aliposikia mtetea akilia baada ya kutaga, alitupa shanga, akakimbilia tengani. Yai la mkaa aliliacha mahali pake. Jipya alilibeba mkononi mpaka kwenye sufuria. Mafua yalikwisha. Nemayian alijifunza kutofautisha kilio cha kuku aliyetaga na kilio cha kuku anayegombana, na akisikia kile cha kwanza alikwenda kuchukua bakuli lake mwenyewe. Narok alitotoa, kisha Naibor, kisha wengine, na uani kukajaa vitu vidogo vya manjano na vya kahawia ambavyo Naisenya alikataa kabisa kuvihesabu, kwa sababu mifugo haihesabiwi kwa kidole.

Siku ya kliniki mtoto alivalishwa suruali ya mizani. Alipiga kelele na kurusha miguu, na nesi Justa ilibidi asubiri mshale utulie.

"Huyu leo ana nguvu za kunipiga," alisema. Akasoma. Akaweka nukta, akavuta mstari kwa rula, kisha akaigeuza kadi ili bibi aone. Mstari ulikuwa umepanda. Ulikuwa umeiacha rangi ya kijivu na kuingia kwenye kijani, sehemu ya chini kabisa ya kijani, lakini kijani.

"Haendi kulazwa?" Naisenya aliuliza.

"Akalazwe kwa ugonjwa gani, bibi? Nenda nyumbani. Msalimie huyo kuku."

Alimpigia Soila akiwa bado kwenye ngazi za kliniki. Huko Dindira mtandao ulikuwa unakatika katika, lakini neno kijani lilifika, na Soila alilia, na sauti za wanawake wengine jikoni zilisikika zikimuuliza kuna nini, kuna nini.

Naisenya hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mwaija, Nemayian mgongoni. Mwaija alikuwa amekaa kwenye mkeka akisuka ukili. Aliinua uso mara moja tu, akausoma uso wa jirani yake.

"Alhamdulillahi," alisema, akarudi kwenye ukili wake kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa. "Kaa basi. Unanizibia mwanga."

Naisenya alikaa. Alimteremsha mtoto, naye akajikokota kwenda kumfuata kuku.

"Dada, kuna jambo sijakwambia," alisema. "Kwetu, mtu akikupa mnyama, hawezi kuwa jirani tu tena. Anayetoa na anayepokea wanaacha kuitana majina yao. Wanaitana kwa yule mnyama. Mtu aliyenipa ng'ombe ni Pakiteng wangu, na mimi ni Pakiteng wake. Akinipa kondoo, ni Paker. Mpaka kufa. Hata mkikosana, jina linabaki."

Mwaija aliweka ukili chini. "Na kuku?"

"Kuku hana jina."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyewahi kupeana kuku."

"Ah! Kwa hiyo mimi nimekupa wawili, wanataga kama wamelipwa, halafu niendelee kuwa dada tu kama dada wa basi?" Mwaija alijifanya kununa. "Tunga. Lugha ni yenu."

Naisenya alitazama uani. Nemayian alikuwa amemfikia mtetea, ameshika manyoya ya mkia kwa ngumi yake yote, na mtetea alikuwa akimburuta taratibu kuelekea kivulini. Alifikiri juu ya baba yake, na wazee wa bomani, na Lomayani, na vile watakavyocheka wakilisikia. Aligeuka kuangalia kama kuna mtu njiani. Kisha akasogea karibu na Mwaija, akauweka mkono wake juu ya wa mwenzake, akalisema kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo hata mtoto hakuisikia.

"Pakuku."